Wakala anataka 380,000 ampeleke mwanangu chuo cha Japani kucheza raga. Tulipe?

"Mwanangu ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne hapa Kenya na kupata C+. Anacheza raga, nafasi ya namba nane, na hata shule za jirani zinamjua. Kuna mtu amejitambulisha kwetu kama wakala. Anasema Japani kuna ligi ya vyuo inayolipa, kwamba kijana atasoma bure, na baada ya mwaka mmoja klabu za League One, ligi kuu ya huko, zitamchukua kwa mshahara mnono. Ametuonyesha picha za Watonga na Wafiji, vijana wa visiwa vya Pasifiki, waliofanikiwa huko. Anataka shilingi 380,000 kabla ya mwisho wa mwezi: za viza, za majaribio na za kumshikia nafasi. Baba yake yuko tayari kuuza kipande cha shamba. Jambo lingine: muhula wa pili mwaka jana kijana aligongwa kichwa akapoteza fahamu kidogo uwanjani, na wakala ametuambia tusilitaje. Naomba mnieleze hizi ligi za Japani zikoje. Njia hii ipo kweli, au tunaibiwa?"

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniandikia shamba likiwa limeshapata mwenyewe mwingine. Nitakujibu moja kwa moja kwanza, kisha nieleze kwa kituo. Njia ya kutoka shule hadi raga ya Japani ipo, ni ya kweli, na wageni wamepita humo kwa zaidi ya miaka 40. Ila haipiti kwenye mlango anaokuonyesha huyo bwana. Amechukua ukweli kidogo akauchanganya na mambo yasiyokuwepo, na ndiyo maana umeshindwa kuyatenganisha. Usitoe hata shilingi mpaka umalize kusoma haya, na shamba lisitajwe kwa mnunuzi yeyote.

Nimeishi Japani miaka sita, minne kati yake nikiwa msaidizi wa mazoezi ya viungo katika timu ya chuo kimoja. Nilikula nao, nikasafiri nao, nikawafunga bandeji. Kwa hiyo mengi ninayokuambia nimeyaona kwa macho.

Tuanze na hiyo "ligi ya vyuo inayolipa". Haipo. Mchezaji wa chuo Japani ni mwanafunzi. Anaingia darasani, anafanya mitihani, na kwa kawaida hutoa ada ya klabu sawa na mwenzake aliye katika klabu ya muziki. Hata nahodha wa timu bingwa, ambaye fainali yake inaonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima mwezi Januari, hapokei mshahara. Anachoweza kupata ni udhamini: kusamehewa karo, yote au sehemu, pengine na kitanda bwenini. Huo ni msaada mkubwa sana kwa familia kama yako, lakini tazama unavyotembea: unatoka chuoni kwenda kwa mwanafunzi. Chuo kinachomtaka kijana wako hakimwombi mama yake pesa za kumshikia nafasi.

Ili uelewe kwa nini mambo yako hivi, ni vizuri ujue raga ya Japani ilizaliwa wapi. Ilizaliwa darasani. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Chuo cha Keio mjini Tokyo, Edward Bramwell Clarke, Mwingereza aliyezaliwa Yokohama, aliwapa wanafunzi wake mpira wa raga akisaidiwa na rafiki yake Tanaka Ginnosuke, ambaye alikuwa amesoma naye Cambridge. Waseda wakaunda timu yao 1918, Meiji 1923. Mechi hizi za vyuo zikashika mizizi miaka mingi kabla ya kuwapo ligi yoyote ya kulipwa, na hadi leo Jumapili ya kwanza ya Desemba ni siku ya Waseda na Meiji. Mwaka 1982 watu zaidi ya 60,000 walijaa uwanja wa taifa kuitazama mechi hiyo, mechi ya wanafunzi watupu. Mwaka 1987 theluji ilianguka Tokyo hata ikabidi uwanja usafishwe asubuhi ya mechi. Waseda walishinda 10-7, na Wajapani wenye umri wangu bado wanakusimulia ule mvuke uliokuwa ukifuka kama sufuria ya uji kutoka kwenye skramu, pale wachezaji wa pande mbili wanapoinama na kusukumana kugombea mpira. Msimu huo huo, Januari 15, 1988, vijana hao wa Waseda waliifunga Toshiba Fuchu, timu ya kampuni yenye wanaume wazima, 22-16, wakawa mabingwa wa nchi.

Siku hizi hilo haliwezi kutokea tena, kwa sababu timu za vyuo hazikutani tena na za kampuni katika mashindano rasmi. Zimebaki na dunia yao. Kuanzia Septemba kila chuo hucheza ligi ya eneo lake. Eneo la Tokyo na jirani zake lina makundi mawili yanayojitegemea: moja la vyuo vyenye uhasama wa jadi kama Waseda, Meiji, Keio, Teikyo na Tsukuba, jingine la vyuo kama Tokai, Daito Bunka, Ryutsu Keizai na Hosei. Upande wa Osaka na Kyoto kuna ligi ya Kansai yenye Tenri, Doshisha, Kyoto Sangyo na wenzao. Wanaofanya vizuri huingia kwenye ubingwa wa taifa wa vyuo, ulioanza 1964, ambao huchezwa kwa mtoano Desemba na kumalizika Januari. Teikyo waliutwaa misimu tisa mfululizo, kuanzia msimu wa 2009 hadi wa 2017, wakarudi tena wakashinda minne mfululizo kuanzia fainali ya Januari 2022.

Naitaja Teikyo kwa makusudi, maana kuna jambo pale ambalo mzazi anapaswa kulijua. Katika vyuo vya Japani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa desturi ni mtumwa wa wakubwa wake. Anafua jezi, anapiga deki, anabeba maji, anaitikia kila anapoitwa. Kocha Masayuki Iwade, aliyeiongoza Teikyo kwa robo karne, aliigeuza desturi hiyo: akawapa kazi za usafi wanafunzi wa mwaka wa nne, ili wale wachanga wapate nafasi ya kuzoea masomo na maisha ya ugeni. Si kila chuo kilifuata. Pale nilipofanya kazi mimi, saa kumi na moja na nusu alfajiri ungemkuta mtoto wa miaka 18 amepiga magoti mlangoni mwa bweni, anapanga viatu vya watu zaidi ya mia, ncha zote zikitazama nje, kabla hajaruhusiwa kunywa chai. Mtoto wa Kijapani amelelewa akijua siku hiyo itafika. Mgeni asiyejua neno la lugha yao huiona kama dhuluma, na baada ya miezi mitatu anapiga simu nyumbani usiku akilia. Nimewahi kukaa na mmoja wa hao kwenye ngazi mpaka kulipopambazuka.

Na nimesema watu zaidi ya mia. Timu kubwa za vyuo zina wachezaji wengi hivyo, wamegawanywa kuanzia kikosi A kwenda chini, na wanaovaa jezi siku ya mechi kubwa ni 23. Agosti wote hupanda Sugadaira, nyanda za juu za Nagano zenye viwanja vya raga zaidi ya mia, hewa ya baridi kama ya Limuru, na hucheza mechi asubuhi na jioni wakigombea nafasi. Kijana anaweza kwenda Japani, akajitahidi miaka minne, na asicheze hata dakika moja kwenye uwanja wa taifa. Mgeni ana kizingiti cha ziada: mashindano ya vyuo yana ukomo wa wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa kuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Chuo kikishakuwa na Mtonga mrefu namba nne na Mfiji namba nane, kijana wako wa namba nane atakaa kwenye benchi hata kama ni hodari.

Sasa tuje kwenye hizo klabu. Neno lenyewe linapotosha. Ukisikia klabu za Japani usifikirie klabu za kwetu, zenye wanachama, uwanja wao na bwalo la kunywea soda Jumamosi. Klabu za namna hiyo zipo, kwa mfano Tamariva ya Kanagawa, na zina mashindano yao ya taifa. Wanaozichezea wana kazi zao na hawalipwi. Timu zinazolipa ni za kampuni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda, benki au shirika la umeme lilikuwa likiajiri vijana kutoka vyuoni, linawapa meza ofisini au nafasi kiwandani, na jioni wanafanya mazoezi. Wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Nippon Steel kule Kamaishi, mji wa wavuvi kaskazini, walikuwa mabingwa wa Japani mara saba mfululizo kuanzia 1979 hadi 1985. Kobe Steel nao wakafanya hivyo hivyo, mara saba, 1989 hadi 1995.

Timu hizo za kampuni ndizo zilizounda Top League mwaka 2003, na Januari 2022 ikazaliwa Japan Rugby League One yenye madaraja matatu, timu 12 zikiwa daraja la kwanza. Majina yamebadilika kidogo, sasa kila timu imefungamana na mji: Saitama Panasonic Wild Knights, Kubota Spears Funabashi Tokyo Bay, Toshiba Brave Lupus Tokyo. Hao watatu ndio waliotwaa mataji manne ya mwanzo, Toshiba wakichukua mawili, 2024 na 2025. Lakini mwenye mfuko bado ni kampuni. Ndani ya timu moja utamkuta nyota mwenye mkataba wa mamilioni, na pembeni yake Mjapani ambaye asubuhi alikuwa ofisini na shati jeupe na atakayebaki kazini hapo mpaka astaafu. Kampuni ikichoka, timu inakufa. Coca-Cola walifunga yao 2021, na Munakata Sanix 2022. Kwa Mjapani mwajiriwa hilo ni pigo, ila bado ana kazi. Kwa mgeni wa mkataba ni tiketi ya kurudi nyumbani.

Hapa ndipo ahadi ya "mwaka mmoja" inapoanguka kabisa. League One huwagawa wachezaji katika makundi. Kundi A ni la wanaostahili kuichezea Japani au wametimiza masharti ya kuhesabiwa pamoja nao. Kundi B ni wageni ambao bado wanaweza kufika huko. Kundi C ni wale waliokwisha kuchezea nchi nyingine. Nafasi za A uwanjani ndizo nyingi; za C ni chache mno, na zimejaa mabingwa wa dunia. Wakati mmoja ligi hiyo imekuwa na Pieter-Steph du Toit, Cheslin Kolbe, Damian de Allende na Malcolm Marx, wote wa Afrika Kusini. Timu haiwezi kumweka pembeni mtu kama hao ili imjaribu kijana aliyetoka shule ya upili asiyejulikana. Thamani ya mgeni anayepitia chuo iko katika miaka: anakaa, anasajiliwa, na taratibu anatoka kundi la wageni kwenda kundi A. Sheria ya dunia ya kustahili kuchezea taifa kwa ukaazi zamani ilikuwa miezi 36, sasa ni miezi 60 mfululizo. Hesabu mwenyewe: miaka minne ya chuo, kisha mmoja au zaidi juu yake. Na hata hapo milango inazidi kubanwa. Mwaka 2025 ligi ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2026-27 kundi A litagawanywa, na waliosoma shule za msingi na za kati huko Japani watakuwa na nafasi zao zilizotengwa. Kijana anayefika akiwa na miaka 18 au 19 hatakuwa miongoni mwao. Wapo wachezaji wakongwe waliochukua uraia ambao wamelalamika kwa uchungu, na mimi naona wana haki ya kulalamika, lakini wewe unapaswa kupanga kwa sheria iliyopo.

Jambo hilo lina upande mwingine ambao vijana wetu hawaambiwi. Siku mwanao atakapovaa jezi ya timu ya wakubwa ya Kenya, iwe ya wachezaji 15 au ya saba, Japani itamhesabu kundi C. Sisemi aikimbie jezi ya nchi yake, hasha. Nasema ajue anachochagua.

Umewataja Watonga. Zile picha ni za kweli, na hadithi yake naipenda. Mfalme wa Tonga wa wakati ule, Taufa'ahau Tupou wa Nne, alikuwa akipenda sana hesabu za abakasi, ile fremu ya shanga ambayo Wajapani huiita soroban. Akajenga uhusiano na Chuo cha Daito Bunka, na mwaka 1980 vijana wawili, Nofomuli Taumoefolau na Hopoi Taione, wakatumwa kwenda kujifunza abakasi. Walijifunza abakasi kweli, na wakacheza raga. Wote wawili wakaja kuichezea Japani. Akafuata Sinali Latu na wengine, na msimu wa 1986 Daito Bunka wakawa mabingwa wa vyuo. Tangu hapo shule za Tonga, na baadaye za Fiji na New Zealand, zimekuwa na mwalimu anayemjua mwalimu wa Japani, anayemwandikia: mwaka huu nina mtoto mmoja mzuri, mwenye adabu, mrefu. Michael Leitch alitoka Christchurch akiwa na miaka 15, akaingia shule ya upili ya Sapporo Yamanote, kisha Chuo cha Tokai, kisha Toshiba. Mwaka 2015 akiwa nahodha wa Japani alikataa mkwaju wa kusawazisha dhidi ya Afrika Kusini kule Brighton, akaomba skramu, na Japani wakashinda 34-32. Wajapani wanampenda kama mtoto wao kwa sababu walimlea, walimwona akikonda na kunenepa bwenini.

Na sisi Wakenya tunaijua barabara hiyo kuliko tunavyodhani, ila tumeipita kwa mbio. Mwaka 1989 Joseph Otwori na Kennedy Isena walikuwa wageni wa kwanza kukimbia Hakone Ekiden, ile mbio kubwa ya kupokezana ya vyuo ya mwaka mpya, wakikiwakilisha Chuo cha Yamanashi Gakuin. Samuel Wanjiru alikwenda shule ya upili ya Sendai Ikuei akiwa na miaka 15, akaajiriwa Toyota Kyushu, na 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki Beijing. Ni shule, kisha chuo au kampuni, mfumo ule ule. Waliofungua mlango walikuwa watu wanaojulikana kwa majina, na shule ilimwandikia mzazi. Kwenye raga uhusiano wa namna hiyo kati ya shule zetu na vyuo vya Japani bado haujajengwa. Ndiyo maana huwaoni Wakenya wengi huko, wala si kwa sababu hatuna vijana wenye nguvu.

Basi tumpime huyu wakala kwa haki, maana si kila wakala ni mwizi. Viza ya mwanafunzi wa Japani ina utaratibu unaoweza kuufuatilia mwenyewe. Kwanza chuo, au shule ya lugha ya Kijapani, kinampokea kijana kwa maandishi. Kisha chuo chenyewe kinakwenda idara ya uhamiaji kule Japani kumwombea cheti cha kustahili ukaazi. Cheti kikishatoka ndipo mnakwenda nacho ubalozini Nairobi kuomba viza. Hakuna mtu wa mjini anayeweza kuipata viza hiyo chuo kikiwa bado hakijampokea kijana. Kwa hiyo mwombe kitu kimoja tu: barua ya chuo yenye jina la chuo, la idara atakayosoma, na la kocha mkuu wa timu. Ukiipata, usitumie namba ya simu iliyo kwenye barua hiyo. Tafuta tovuti ya chuo mwenyewe, uandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uulize kama wanamjua mwanao. Akikataa kukupa jina la chuo akisema ni siri ya biashara, mazungumzo yameisha. Akikupa jina, na chuo kikathibitisha, bado uulize nani analipa tiketi, bweni, bima, ada ya klabu na safari za kambi, na zaidi ya yote, udhamini utakuwaje kijana akiumia goti mwaka wa pili asiweze kucheza tena. Swali hilo la goti ulipate jibu kwa maandishi. Nimemwona kijana wa visiwani akiondoka chuo kimoja kimyakimya baada ya upasuaji, begi moja mkononi, na hakuna aliyemsindikiza hata kituo cha treni.

Usije ukadhani pia kwamba atajilipia kwa vibarua. Mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, tena kwa kibali, na mchezaji wa kikosi kikubwa hana hata hizo saa.

Sasa, ningekuwa mimi mzazi wake, ningefanya nini? Kwa upande wa masomo mko salama kidogo: Japani inadai miaka 12 ya shule kabla ya chuo, na minane ya msingi na minne ya sekondari inatimiza. (Msomaji wa Tanzania au Uganda ajue kwamba kidato cha nne kwao ni miaka 11, kwa hiyo lazima afike cha sita.) Kikwazo kikubwa ni lugha. Mihadhara ni ya Kijapani, maelekezo ya kocha ni ya Kijapani, na hata daktari wa timu atamuuliza maumivu kwa Kijapani. Kijana asiyekuwa tayari kukaa na herufi za Kijapani kwa mwaka mzima kabla ya kuondoka, asiondoke. Mpe mtihani huo nyumbani: aanze leo herufi za hiragana, ambazo mwenye bidii huzishika kwa wiki chache. Baada ya miezi mitatu utajua kama anataka Japani au anataka ndege.

Serikali ya Japani ina udhamini wake, MEXT, unaoombwa kupitia ubalozi wa Nairobi, na haumtozi mwombaji ada. Unalipa karo, tiketi na posho, na kwa shahada ya kwanza unaanza na mwaka wa lugha. Hauhusiani na raga hata kidogo na ushindani wake ni mkali. Kwa C+ sitakudanganya, nafasi ni finyu. Mwalimu wake wa darasa anaweza kukuambia kama ana uwezo zaidi ya alama zile.

Njia ninayoiamini zaidi kwa mwanao ni hii ya karibu. C+ inamwingiza chuo kikuu hapa nyumbani, na vyuo vyetu kadhaa vina timu za raga zinazojulikana, Strathmore na Kenyatta zikiwa mfano, vingine vikitoa udhamini kwa wachezaji. Acheze huko, agombee nafasi kwenye timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 20, Chipu. Achukuliwe video za mechi nzima nzima, maana makocha wa Japani hupenda kumwona mtu anafanya nini dakika ya 70 akiwa hana mpira. Baada ya miaka miwili atakuwa na mwili uliokomaa, lugha kidogo, na kocha wa kumwandikia barua. Hata shahada ya pili huko Japani inawezekana kutokea hapo. Ni njia ndefu na haina uhakika wa kufika Tokyo, lakini hata ikikatika katikati anabaki na cheti mkononi na shamba bado ni lenu.

Kabla ya kuamua lolote, nendeni ana kwa ana, wewe na baba yake na kijana, ofisi za chama cha raga Nairobi, barabara ya Ngong. Mchezaji anayehamia nchi nyingine huhitaji barua ya ruhusa kutoka chama cha nchi yake, na wao ndio wa kuitoa. Wakala wa kweli atakuwa ameshafika hapo au hataona shida kuongozana nanyi. Akiwakwepa, au kama mmeshampa kitu chochote, pelekeni jumbe zake na risiti kwa polisi wa upelelezi bila kumwambia.

Nimeliacha la kichwa mwisho kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi niliposoma barua yako. Kupoteza fahamu uwanjani, hata kwa sekunde chache, ni mtikisiko wa ubongo. Ubongo umegonga ndani ya fuvu, na usipopumzishwa ukapona, pigo la pili linaweza kuleta madhara makubwa kuliko la kwanza, hata kifo kwa kijana wa umri wake. Anayekuambia ufiche jambo hilo anampeleka mtoto wako mahali ambapo atagongwa na wanaume wa kilo 115, na daktari wa huko hatajua ana historia gani. Hata kama mengine yote ya huyo bwana yangekuwa ya kweli, mimi ningeachana naye kwa hilo peke yake. Kaa na mwanao umuulize taratibu: je, bado kichwa kinamuuma baada ya mazoezi? Anasahau vitu? Mwanga unamsumbua, usingizi umebadilika, amekuwa mkali bila sababu? Usikubali jibu la "niko sawa", vijana wa raga wote husema hivyo. Mpeleke hospitali aonwe na daktari, mweleze siku ilivyokuwa, na kama kuna mwalimu aliyeshuhudia muombe aende nanyi. Mpaka daktari aandike kwamba anaweza kucheza, viatu vikae kabatini.